Je, Wajua Zile Kilo Mbili za Chai ya Kitambi Huenda Wapi?

Shangazi yangu wa Temeke ana mizani ya kupimia uzito aliyoletewa zawadi na binti yake, na kwa miaka mitatu mizani hiyo ilikaa uvunguni mwa kitanda ikila vumbi. Mwezi uliopita akaitoa. Asubuhi moja akanipigia simu, nami sijamaliza hata kusema shikamoo, akanikatiza: "Marahaba, mwanangu, sikiliza. Siku tatu tu, kilo mbili zimeondoka. Siku tatu!"

Alikuwa ameanza chai ya kupunguza tumbo, zile zinazotangazwa kwenye simu kila ukiifungua. Kifuko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, kila usiku kabla ya kulala.

Sikutaka kumkatisha tamaa, na kwa kweli mizani haikumdanganya. Kilo mbili zilitoka. Kilichonisumbua ni kilo za nini hizo, na zimetokea sehemu gani ya mwili kwa kasi namna hiyo.

Jumamosi nikaenda. Nikaomba kifuko kimoja, nikakichana juu ya sahani nyeupe, tukainama wote wawili na miwani yetu. Mchaichai ulijitaja wenyewe kwa harufu. Tangawizi kavu ilikuwa vijipande vyenye nyuzinyuzi. Kulikuwa na majani ya chai ya kijani yaliyojisokota. Na vingine vyote, zaidi ya nusu ya sahani, vilikuwa vipande vya jani jepesi, rangi ya kijani iliyopauka, harufu yake kama nyasi kavu. Nyuma ya boksi, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, jina lake liliandikwa Kilatini: *Senna alexandrina*. Nikamsomea shangazi, halikumwambia kitu. Akachukua kipande, akakisaga kwa vidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii si sanamaki hii! Bibi yako alikuwa akituchemshia kila shule zikifungwa."

Ndiyo hiyo. Watu wa pwani wanaijua. Ukiingia kwa muuza viungo na dawa za asili ukaitaja, atakufungia kwenye gazeti bila kuuliza mara mbili. Jina lenyewe ni Kiarabu, *sana makki*, yaani sana ya Makka. Wazungu nao wakaiita ya Iskanderia kwa sababu shehena zao zilipitia bandari ile ya Misri. Jani hulimwa Sudan na kusini mwa India, na matabibu wa Kiarabu wamelitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa kazi moja inayojulikana: ni haluli, dawa ya kuendesha. Wazee waliijua kuwa ni haluli, wakaiita haluli, wakainywa siku moja na siku hiyo hawakukaa mbali na choo. Hakuna bibi aliyewahi kusema kwamba inayeyusha mafuta.

Inafanyaje kazi? Hapa pana ufundi wa kupendeza. Ndani ya jani hilo kuna viini vinavyoitwa senosidi, na kila kimoja kimefungwa pamoja na sukari kwa namna ambayo tumbo haliwezi kukifungua, wala utumbo mwembamba. Vinapita njia nzima vikiwa vimelala. Vinapofika kwenye utumbo mpana vinakutana na bakteria wanaoishi humo, na hao ndio wenye ufunguo. Wakishafungua, kinachotoka huuchokoza ukuta wa utumbo ujikaze na kusukuma, ndiyo yale masokoto ya tumbo, na papo hapo huuzuia usinyonye maji. Safari yote huchukua saa 6 hadi 12. Kwa hiyo ukinywa saa tatu usiku, kuanzia saa tisa usiku jiandae, na mara nyingi adhana ya alfajiri itakukuta umeshavaa ndala. Boksi linaandika "kunywa kabla ya kulala" kana kwamba mafuta huungua ukiwa usingizini. Sababu ni hiyo ratiba tu.

Sasa, utumbo mpana kazi yake kubwa ni kukausha. Kila siku hupokea kama lita moja na nusu ya uji kutoka utumbo mwembamba, ukanyonya karibu maji yote na kuyarudisha mwilini, ukabakiza kiasi kidogo tu cha kutoka na choo. Sanamaki hukatiza kazi hiyo. Maji yaliyopaswa kurudi kwenye damu yanatoka nje, pamoja na choo chote kilichokuwa kinasubiri zamu yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Fanya hivyo usiku tatu mfululizo, kilo mbili hazishangazi.

Na mafuta? Wali, nazi, chapati na soda vinamalizwa kunyonywa kwenye utumbo mwembamba, bomba la mita kama sita, kabla sanamaki haijaamka. Inafika shughuli imekwisha, wageni wameshakula na kwenda zao. Yenyewe inaosha masufuria. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa wanawake waliotumia dozi kubwa za dawa za kuharisha. Waliharisha hadi lita 4 mpaka 6, kiasi cha kumlaza mtu hospitali, na kalori zilizoponyoka bila kunyonywa zilikuwa kama asilimia 12 tu ya walichokula. Mateso yote yale kwa asilimia 12.

(Nikumbuke hili, maana lilimfanya shangazi acheke mpaka akashika meza. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, alitoa na wenzake mwaka 1972 matokeo ya kupima choo cha watu wa nchi mbalimbali. Wanavijiji wa Uganda walikuwa na wastani wa gramu 470 kwa siku. Wanamaji wa Uingereza na wake zao, gramu 104. Wanavijiji hawakunywa chai ya boksi lolote. Walikula chakula chenye makapi yake. Anayetaka "kusafisha tumbo" kwa maana hiyo ya kweli, dona, maharage na matembele vinaifanya kazi hiyo bila kumwamsha usiku.)

Kinachofuata baada ya kuacha chai ndicho kinachoiuza. Mwili ukiona maji yanapungua hutoa homoni inayoziamuru figo zishike chumvi na maji. Ukiacha chai leo, amri hiyo haifutwi leo. Kwa siku kadhaa unashika maji kuliko kawaida, uso unajaa, pete inabana, mizani inapanda hadi pale ulipoanzia au juu yake. Wakati huohuo unaweza kukaa siku mbili tatu bila choo, kwa sababu tu utumbo ulikuwa umemwagwa wote na bado haujajaa tena. Mtu akijumlisha hayo mawili anasema: "Nimeacha chai, nimenenepa na nimefunga choo." Anarudi dukani. Mwenye duka hana haja ya kumdanganya tena. Mteja kajidanganya mwenyewe kwa ushahidi wa mwili wake.

Tukiwa bado tunacheka nikamuuliza shangazi dawa zake za presha. Akaleta mfuko wa karatasi, na ndani kilikuwemo kile kidonge kinachomkojoza mtu ili presha ishuke. Hapo nikaacha kucheka. Kidonge kile hutoa potasiamu kupitia mkojo. Kuharisha nako hutoa potasiamu. Madini hayo ndiyo yanayosaidia misuli kujikaza na kulegea kwa mpangilio, na moyo ni msuli. Yakipungua sana mtu huchoka bila sababu, miguu inakaza, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, sanamaki kwa siku chache za kufunga choo ni dawa halali, na hospitali nyingi duniani huitumia. Kuinywa kila usiku kwa mwezi, juu ya dawa za presha au za moyo, ni habari nyingine kabisa. Wajawazito na watoto wasipewe kienyeji.

Tuje kwenye majani mengine ya sahani, maana nayo yanastahili haki yake. Chai ya kijani ina kafeini na viini vinavyoitwa katekini, na ni kweli vinaongeza kidogo kasi ya mwili kuunguza chakula, hiyo wanayoiita metaboli. Mwaka 1999 watafiti wa Geneva waliwapa wanaume 10 dondoo yake, yaani viini vyake vilivyokamuliwa, wakapima saa 24, wakaona mwili umetumia nishati zaidi kwa asilimia 4, kama kalori 80. Sasa piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa kalori 80 kwa siku unahitaji siku 96 kuimaliza, ikiwa mwili hautazoea na wewe hutaongeza hata andazi moja. Ndiyo maana mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2012 yalisema uzito unaopungua kwa chai ya kijani ni mdogo mno kuwa na maana kwa mtu. Na usidhani suluhisho ni kumeza dondoo nyingi kwenye vidonge: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 na zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hiyo, kwa njia ya vidonge, zinaweza kuanza kulisumbua ini. Kikombe cha kawaida hakina shida hiyo.

Tangawizi mimi naipenda, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari. Jijini New York, kwenye utafiti mdogo uliotoka 2012, wanaume 10 wanene walikunywa gramu 2 za unga wa tangawizi kwenye maji ya moto pamoja na kifungua kinywa. Miili yao ilitumia kalori kama 43 zaidi, nao wakasema njaa imepungua. Si haba. Lakini kijiko cha chai cha sukari kina gramu kama 4, kalori 16, na shangazi huweka vitatu: 48. Tangawizi inachukua 43, sukari inarudisha 48, kikombe kinafungwa na deni la kalori tano. Kwa vikombe vitatu kwa siku sukari peke yake ni kalori 144, na kwa mwezi zinazidi 4,300, zaidi ya nusu kilo ya mafuta kwa hesabu ya karatasi. Katika mambo yote yanayohusu chai na kitambi, hilo la kijiko ndilo lenye uzito kuliko jani lolote. Mchaichai na mdalasini vitakusaidia hapo, kwa kuwa kikombe chenye harufu nzuri hakilii sana sukari.

Kuna boksi za aina nyingine zinazonitia hofu kuliko sanamaki. Zinauzwa kama mitishamba mitupu, kumbe ndani mna dawa ya kiwandani. Inayokutwa mara nyingi ni sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukinywa "chai" ukakosa njaa kutwa nzima, mdomo ukakauka, moyo ukadunda na usingizi ukapaa, jua kwamba mchaichai haufanyi hivyo. Acha, na boksi lenyewe ulichukue uende nalo kwa daktari.

Hata mitishamba mitupu inaweza kukosewa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito jijini Brussels ilibadilisha mchanganyiko wake ikaongeza mimea miwili ya Kichina. Mmoja wapo ulitakiwa uwe ule uitwao han fang ji. Uliofika kwa wingi ulikuwa guang fang ji, mmea wa jamii ya aristolokia, ambao una sumu ya figo. Majina yanafanana, unga unafanana. Madaktari wa Ubelgiji waliripoti mwaka 1993 wanawake vijana ambao figo zao zilikuwa zimekauka kwa miezi michache, na hatimaye waliohesabiwa walizidi 100. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kubadilishiwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Tangu niyajue hayo, boksi lililoandikwa "mimea 18 ya siri" haliingii kwangu.

Shangazi hakulitupa lake. Vilibaki vifuko kumi na saba, akaviweka kabatini nyuma ya kopo la iliki: "Sanamaki ni sanamaki. Mzee akifunga choo nitampa kimoja." Wiki iliyofuata akanipigia tena. Kilo zimerudi zote mbili, na nusu juu. Uso ulikuwa umemjaa siku nne, sasa umepungua. Sukari amefika kijiko kimoja.

"Na mchana?"

"Mchana naweka kimoja na nusu. Usinihesabie, mwanangu."