Je, Wajua Kwa Nini Shaka Humwandama Zaidi Mtu Anayeanza Kuuza Kazi ya Mikono Yake?

Siku ya kwanza nilipotoa kitambaa cha batiki kwenye beseni la rangi niliamini kwamba nimekiharibu. Nilikuwa nimekusudia buluu iliyoiva, lakini kilichotoka kilikuwa kijani kilichopauka, chenye mabaka, kinachonuka dawa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikihesabu moyoni thamani ya mita tano za pamba, nta na mkaa uliokwisha kuteketea, nikijiambia kwamba kazi hii ina wenyewe. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinifundisha, hakunibembeleza. Alisema tu, "Kianike, mwanangu, kisha ukiache." Hazikupita dakika nyingi buluu ikaanza kujitokeza kwenye pindo, ikatambaa taratibu kuelekea katikati, mpaka kitambaa chote kikawa kile nilichokitaka.

Sababu yake inaeleweka. Rangi za aina hii haziyeyuki katika maji mpaka zichanganywe na kostiki pamoja na kemikali nyingine inayozibadilisha kwa muda, na katika hali hiyo ya muda nyingi kati yake huonekana kwa sura isiyo yake. Hewa ikikigusa kitambaa, oksijeni huirudisha rangi katika hali yake ya asili, safari hii ikiwa imekwisha kushika ndani ya nyuzi. Mara ya pili nilikuwa na wasiwasi, ingawa ulikuwa umepungua. Mara ya nne nilikianika nikaenda kuchochea nta jikoni bila hata kugeuka nyuma. Katika muda huo sikuwa nimekuwa mtu jasiri; nilikuwa nimeona kwa macho yangu mara tatu jinsi mambo yanavyokwenda, na jibu la swali letu linaanzia hapo.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kufanya jambo fulani hutokana na mambo manne: aliyokwisha kuyatenda mwenyewe, aliyoyaona yakitendwa na wengine, anayoambiwa na watu, na hali ya mwili wake wakati huo, kama vile moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Katika uchunguzi wake mmoja watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka walisaidiwa kwa njia tofauti: wengine walitazama tu mtu akimshika nyoka, na wengine waliongozwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika wenyewe. Waliomshika kwa mikono yao ndio waliopata imani kubwa zaidi.

Sasa mfikirie mtu anayeanza. Hajauza kitu, kwa hiyo lile jambo lenye nguvu kuliko yote hana. Kilichobaki ni maneno ya watu, ambayo leo yanasifu na kesho yanakejeli, pamoja na mwili wake unaotetemeka. Shaka yake ni hesabu inayopigwa na akili isiyo na kumbukumbu za kutosha, na ni kosa kuihesabu kuwa udhaifu wa tabia. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wenye mikono mizuri wakisubiri kwanza wajiamini ndipo waanze, wakasubiri miaka. Wanasubiri kitu ambacho hutengenezwa na kazi yenyewe.

Lakini mbona muuza maandazi, ambaye naye alianza siku moja, hasumbuliwi kwa kiasi hicho? Ni kwa sababu maandazi yana kipimo. Beseni likiisha kabla ya saa tatu asubuhi, mwenye nalo amejua. Likibaki nusu, amejua pia, na kesho atapunguza sukari au atahamia kituo kingine cha daladala. Mkoba wa kitenge, ndala za shanga au batiki ya ukutani havina mizani ya namna hiyo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu ana haja ya kujua uwezo wake ukoje, na kwamba pale anapokosa kipimo cha wazi hujipima kwa kujilinganisha na wenzake. Aliongeza jambo ambalo watu wengi hulisahau: anayejilinganisha na mtu aliye mbali sana naye hapati kipimo cha kuaminika. Nasi kila usiku tunafungua simu, tunatazama kazi ya fundi aliyeanza kabla hatujazaliwa, ikiwa imepigwa picha kwenye mwanga mzuri, kisha tunaitazama ile yetu iliyoning'inia kwenye kamba ya nguo. Kipimo hicho ni kibovu, na matokeo yake hayawezi kuwa ya haki. Fundi aliyenitangulia kwa mwaka mmoja tu, anayekumbuka bado alivyounguza nta wiki iliyopita, alinifaa kuliko mabingwa wote wa kwenye Instagram.

Mafanikio peke yake hayafuti shaka hiyo. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliokuwa na shahada na vyeo, ambao pamoja na yote hayo walijiona kana kwamba wamewadanganya watu na siku moja watagunduliwa. Kila walichopata walikihesabu kuwa bahati. Mwenye biashara ndogo hufanya hivyo hivyo anaposema, "Yule alininunulia kwa kunionea huruma."

Ipo pia hofu ya macho ya watu, ambayo kwetu ina uzito wa pekee kwa kuwa wateja wa kwanza huwa ni majirani, ndugu na wanachama wa kikoba, watu ambao tutaendelea kuonana nao kazi ikipendeza au isipopendeza. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio yao, ambamo mwanafunzi wa chuo alivishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, jambo lililomtia haya, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Waliovishwa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile, kumbe waliotambua walikuwa kama robo tu. Kwa hiyo yule unayedhani amezungumzia siku nzima mshono wako uliopinda, yamkini alikuwa akiwaza ada ya mtoto.

Katika historia ya sanaa ya Tanzania kuna mtu ambaye mwanzo wake unastahili kutazamwa kwa makini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora ndege na wanyama kwa rangi ya kung'aa, ile inayotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na picha hizo ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne hivi tu ya kuchora, lakini jamaa aliokuwa amewafundisha waliendeleza kazi hiyo, mwaka 1990 ushirika wa wachoraji ukaanzishwa kwa jina lake, na leo neno tingatinga ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Ninachokishika katika habari zake ni udogo wa vifaa: kipande cha ubao na makopo machache ya rangi, kitu kinachoweza kukamilika, kuanikwa, kuuzwa na kuanzwa upya. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Anayeanza na kazi ndogo inayomalizika hupata jibu mapema, na kila jibu, liwe ndiyo au siyo, huongeza zile kumbukumbu ambazo akili ilizikosa.

Mahali ambapo shaka hujificha kuliko pengine pote ni kwenye bei, na hili lilinigharimu fedha. Mama mmoja alikiinua kitambaa changu, akakikunjua juani, akauliza, "Hiki shilingi ngapi?" Nikajibu, "Elfu ishirini na tano, lakini hata kumi na nane chukua tu." Hakuwa ameomba apunguziwe. Pamba, nta, rangi na mkaa vilikuwa vimenigharimu shilingi 16,500, kwa hiyo siku mbili za kazi nilijilipa shilingi 1,500. Alipokwisha kuondoka, shangazi aliniambia, "Umemjibu swali ambalo hakukuuliza." Jioni ile tulikaa na daftari tukaandika gharama ya kila kitu pamoja na ujira wa siku, tukapata bei, nayo tukaiandika kwenye karatasi na kuibana kwenye kila kitambaa. Tangu hapo, bei huamuliwa jioni na mtu aliyetulia mwenye kalamu, badala ya kuamuliwa asubuhi na mtu mwenye aibu mbele ya mteja. Mteja akitaka tuzungumze, tunazungumza, lakini yeye ndiye anayeanza.

Jambo jingine linalopaswa kueleweka ni kwamba imani aliyoieleza Bandura hushikamana na kazi mahususi. Fundi aliyeizoea batiki ataingiwa na shaka upya siku atakapojaribu kushona mikoba, na wengi wakifika hapo hudhani wamerudi nyuma. Hawajarudi, wamefika mahali ambapo hawana kumbukumbu bado. Dawa yake ni ileile, na inaweza kupunguzwa makali kwa kupunguza gharama ya kukosea. Mimi sijaribu tena rangi mpya kwenye mita tano. Ninakata kipande cha upana wa kiganja, ninakichovya, ninakianika na kusubiri, kisha ninakigundisha kwenye daftari pamoja na vipimo nilivyotumia, hata kama kimetoka vibaya.

Daftari hilo sasa lina vipande 31. Cha kumi na mbili ni zambarau iliyoingiliwa na kahawia kwa sababu sikuisuza vizuri rangi ya kwanza, nacho ndicho wateja wengi hukigusa kwa kidole wanapolifungua. Nimejaribu mara tatu kuirudia rangi hiyo bila kufanikiwa. Jumatatu nitajaribu mara ya nne.