Kuzimua, kwa macho ya maabara

Wanafunzi wa biolojia na udaktari huniuliza maabara ya ubongo inayochunguza uraibu wa pombe inafanya nini hasa, na mtu anaingiaje. Nianze na giza, maana ndiko nilikoanzia mimi, katika chuo kikuu kimoja hapa Marekani.

Panya ni mnyama wa usiku. Ukitaka kumwona akinywa, usiku wake uufanye mchana wako. Taa za chumba chao huzimwa asubuhi, nasi tunaingia na taa nyekundu wasiyoiona vizuri. Giza likishatimiza saa tatu, chupa ya maji inaondolewa na mahali pake inawekwa yenye pombe ya asilimia 20. Siku tatu za mwanzo wanaachiwa kwa saa mbili, siku ya nne kwa saa nne. Tunatumia panya wadogo weusi wa ukoo wa C57BL/6J, kwa kuwa hunywa kwa hiari yao. Wale wa ukoo wa DBA/2 ukiwawekea pombe na maji, pombe wanaikwepa. Tofauti ya koo hizi ilichapishwa mwaka 1959, na mpaka leo ni ushahidi mzuri kwamba sehemu ya kupenda pombe inarithiwa.

Miezi yangu ya kwanza sikugusa ubongo. Nilisoma kanuni za utunzaji wa wanyama, nikafanya mtihani wake, kisha nikapima chupa. Chupa huvuja kidogo hata isipoguswa, kwa hiyo nyingine huwekwa kwenye kizimba kitupu, na kiasi kinachopungua humo kinatolewa kwenye hesabu. Ukisahau, utamhesabia panya pombe iliyodondoka tu. Aliyeona kazi hiyo ni ya kumshusha hadhi sitamwamini na matokeo makubwa.

Baadaye nikafundishwa vipande. Ubongo wa panya hukatwa vyembamba, mikroni 300 hivi, yaani chini ya theluthi moja ya milimita, na kutiwa katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Seli hubaki hai kwa saa kadhaa. Unaisogelea moja kwa sindano ya kioo huku umezuia pumzi, unaishika, na umeme wake unaanza kuchorwa kwenye skrini. Siku ya kwanza kuuona mstari ule nilikaa kimya muda mrefu.

Katika mistari hiyo ndimo nilipoelewa neno letu *kuzimua*, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Pombe huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na huzuia vipokezi vya NMDA, milango ya seli inayopokea glutamati, kemikali inayozichangamsha. Mtu akinywa kila siku, ubongo unajirekebisha: unapunguza mwitikio wake kwa kitulizo na kuongeza vipokezi vya kichangamshi, ili kazi iendelee. Sasa iondoe pombe ghafla. Breki zimelegea, moto umebaki. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi hauji. Glasi ya alfajiri inarudisha uwiano kwa saa chache, na jirani anayeitazama anaona tamaa tupu.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nimesikia familia zinazomfungia ndani mnywaji wa miaka mingi ili aache. Huyo anaweza kupata degedege, akaweweseka na kuona visivyokuwepo, na akafa. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, ambako hupewa dawa za kundi la diazepamu, zinazotuliza kupitia GABA hiyohiyo, pamoja na vitamini B1, kwa sababu upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Na kuingia? Programu nyingi za uzamivu za sayansi ya ubongo hapa Marekani hulipa ada na posho, na mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua moja. Unapomwandikia profesa, usimweleze kwamba unapenda ubongo. Soma makala zake mbili za karibuni, chagua mchoro mmoja, umuulize kitu ambacho mchoro huo haujakijibu. Ukipata nafasi ya kuzunguka kwake, keti na wanafunzi wake bila yeye kuwepo, uwaulize jaribio linapoharibika anasemaje. Mimi nilichagua maabara yangu kwa jibu la swali hilo.