Fidia ya mafuta baharini haitolewi kwa hesabu ya vichwa

Nikikaa na wavuvi, iwe Kizingitini au Shela huku Lamu, swali ni lile lile: "Wakili, meli ikimwaga mafuta, majina tuandikishe kwa nani?" Limenichosha. Chanzo chake ni hukumu ya 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Ile ilikuwa kesi ya haki za kikatiba dhidi ya Serikali. Mafuta ya meli yana sheria zake: mkataba wa dhima ya mwenye meli na ule wa Mfuko wa fidia, yote ya 1992, na Kenya imo katika yote miwili. Humo hamna fungu la kugawana kwa orodha. Kila mdai hulipwa hasara aliyoithibitisha, basi.

Hasara yenyewe huthibitishwa kwa yaliyokuwapo kabla mafuta hayajafika. Ukisema "nilikuwa napata vizuri", mtathmini atauliza kilo ngapi, msimu gani, petroli ya mashine shilingi ngapi. Petroli ambayo hukuichoma kwa kukaa pwani atakukata. Na mafuta yakimwagika Julai, kusi limekaza, usitarajie hesabu ya kaskazi.

Wapo wanaodhani bila risiti ndiyo basi. La. Mfuko unajua mvuvi mdogo hana vitabu vya hesabu. Huweza kupokea rekodi za BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), daftari la mnunuzi, hata jumbe za M-Pesa. Ndiyo maana nawaambia, mpaka wengine wananikwepa: nunueni daftari la shilingi chache. Tarehe, chombo, mabaharia wangapi, samaki gani, kilo, bei, petroli. Mstari mmoja kila jioni, kabla ya kahawa.

Mengine ninayoambiwa: "Lazima tuthibitishe nahodha alizembea." Hapana. Mwenye meli hulipa hata bila kosa, isipokuwa sababu chache kama vita. Nahodha na rubani anayeiongoza meli bandarini, mkataba umewakinga. Usipoteze nauli kuwashtaki.

"Mafuta hayakugusa nyavu zangu." Kama maji unayovua yamechafuka ukashindwa kutoka, dai unalo.

"Meli ni meli tu." Hapa hata mawakili huteleza. Mfuko ni wa meli za matangi zinazobeba mafuta mazito au ghafi. Wakashio, iliyokwama Mauritius 2020, ilikuwa meli ya shehena kavu. Ilimwaga mafuta ya injini yake, na hayo yana mkataba wa 2001 usio na Mfuko nyuma yake. Meli za makontena zinazoingia bandari ya Lamu ziko kundi hilo.

"Mwenye meli ana pesa, atalipa zote." Dhima ina kikomo. Kwa meli ya tangi, Mfuko ukishaongeza wake, jumla ni SDR milioni 203 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa tukio zima. Madai yaliyokubaliwa yakizidi hapo, kila mtu hupunguziwa kwa uwiano. Jina hewa likipenya, mkate linaoumega ni wa jirani yako.

"Tutadai tu, haraka ya nini?" Miaka mitatu tangu hasara itokee, haki imekufa. Barua kwa chifu au kwa kaunti haisimamishi saa. Hata mazungumzo na bima ya mwenye meli yakienda vizuri, kesi ifunguliwe kortini kabla ya mwaka wa tatu kwisha.