Kumtegemea Kristo ni nini hasa?

Neno "kutegemea" lina uzito wake kwetu. Mwite mtu mzima tegemezi uone atakavyokasirika. Tumekua tukisikia kujitegemea, tangu Azimio la Arusha la 1967, na ni neno jema. Kisha Jumapili tunaambiwa tumtegemee Kristo, tunaitikia amina, tunarudi nyumbani bila kujua tumekubali nini. Ndiyo maana "namtegemea Mungu" limekuwa jibu la kufunga mazungumzo. Ada ya mtoto vipi? Namtegemea Mungu. Hospitali umekwenda? Namtegemea Mungu.

Mimi naona tatizo ni picha tuliyo nayo kichwani. Tukisikia kutegemea tunawaza kuegemea: mkongojo, ukuta, nguzo ya baraza. Picha hiyo huku Tanga ipo hata shambani. Ukipanda kuelekea Amani, wilayani Muheza, utaukuta mpilipili manga umekwea mti mkubwa. Umeushika kwa vijizizi vinavyotoka kwenye vifundo vyake, na bila mti huo ungetambaa chini. Lakini fukua shinani: una mizizi yake wenyewe ardhini. Mti unaupa kimo tu. Chakula unajitafutia.

Wengi wetu tunamtegemea Kristo hivyo. Tunamshika tupande: mtihani, safari, mtaji, ndoa. Mzizi unabaki kwetu, katika akili zetu na hofu zetu.

Yesu alipowafundisha wanafunzi wake jambo hili, katika Yohana 15, alizungumzia mzabibu na matawi yake. Neno analolirudia ni kukaa. Kuanzia mstari wa 4 hadi wa 10 linatokea mara 10: kaeni ndani yangu, lisipokaa, akaaye, mkikaa. Tawi halina mzizi wa pembeni. Utomvu wote unatoka shinani, usiku na mchana, hata wakati ambao hakuna tunda la kuonekana. Ndipo anaposema kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote. Hakusema tutafanya kidogo.

Mizabibu sisi tunaisikia ya Dodoma. Lakini Paulo, katika Warumi 11, anatumia picha ambayo mtu wa Muheza, kwenye machungwa, hahitaji kuelezwa: kupandikiza, au kama tunavyosema kwenye vitalu, kubebesha. Nimewahi kukaa na fundi wa miche nikamtazama. Anachukua mche wa mlimau, anachanja gome kwa ncha ya kisu, anaachanisha kingo zake taratibu kwa kidole gumba. Kisha anabandua jicho la mchungwa, yaani chipukizi ambalo bado halijafunguka, dogo kama punje ya mtama, analichomeka ndani ya jeraha lile na kulizungushia utepe wa plastiki. Baada ya wiki tatu hivi anafungua. Jicho likiwa la kijani, limeshika. Likiwa jeusi, limekufa. Jicho lile halikujibidiisha kunywa maji. Kazi yake ilikuwa kubaki limegusana na shina. Na Paulo anatukumbusha kwamba si sisi tunaolichukua shina, shina ndilo linalotuchukua.

Sasa tuje Jumatatu. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Mwaka jana mama mmoja aliniletea kitenge cha sherehe nikakikata vibaya kwapani, hakirekebishiki. Uongo ulikuja tayari umeshonwa: mwambie kitambaa kilikuja pungufu. Niliacha mkasi mezani, nikasema kimoyomoyo, "Bwana, ukweli huu sina ubavu nao. Nipe wako." Sikusikia sauti wala joto kifuani. Mama alipofika nikamwambia, "Shikamoo mama. Kitenge chako nimekiharibu mimi, na nitakulipa." Alinyamaza, akakigeuza geuza, akaniuliza nitamlipa lini. Nililipa, na wiki ile nyumbani tulikula kwa kubana. Ninachokijua ni kwamba ujasiri ule si wangu. Mimi najijua, huwa natafuta mlango wa nyuma.

Hilo ndilo neno "kutegemea" likiwa kazini: unafika ukingoni mwa ulichonacho, unakiri huna, unamwomba aliye nacho, kisha unafungua mdomo wewe mwenyewe. Hatua ya mwisho haiepukiki. Paulo aliandika kwamba alifanya kazi kupita mitume wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami" (1 Wakorintho 15:10). Kwa hiyo kujitegemea kwa maana ya kutokula jasho la jirani hakugombani na kumtegemea Kristo. Kinachogombana nako ni kudhani nguvu ya kupenda, kusamehe na kusema kweli tunaifua wenyewe.

Kuna andiko tunalolibandika kwenye bajaji na kuta za saluni: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" (Wafilipi 4:13). Naomba lisomwe na mstari ulio juu yake. Mambo yote anayoyataja Paulo ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliyaandika akiwa kifungoni. Mtu ambaye biashara imemfia anaweza kuwa analiishi andiko lile kuliko aliyenunua gari.

Je, mtu anakaaje? Kwa mambo ya kawaida sana: Neno kidogo asubuhi, sala fupi katikati ya kazi, meza ya Bwana, jumuiya ya mtaani ambako wanaona ukianza kupotea. Mana ya jangwani iliokotwa kila siku, na iliyolazwa ikaingia wadudu, isipokuwa ya kuamkia Sabato. Sala ya Bwana nayo inaomba riziki ya leo. Imani ya mkutano wa injili wa Agosti haitoshi kukuvusha Novemba.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu, aliyebatizwa Pasaka, alinijia akiwa amekata tamaa kwa sababu bado anawafokea watoto. Nilimwambia habari za mche. Jicho likishashika, fundi hukata kichwa cha mlimau ili nguvu yote iende kwenye chipukizi, na hata baada ya hapo mlimau huendelea kuchipua machipukizi yake chini, yenye miiba, na kila mara anayapogoa. Chungwa la kwanza husubiriwa miaka mitatu hivi. Aliniuliza, "Na muda wote huo mche unafanya nini?" Nikamwambia unakaa.