Waranti Hailipiwi: Kuhusu Ile Inayoitwa "Waranti ya Nyongeza"

"Gari lina waranti ya miaka saba, nimeilipia." Sentensi hii imezoeleka kwa Waswahili wanaonunua magari Marekani, na kosa lake limo katika neno la mwisho. Waranti hailipiwi. Ukiona umeilipia, ujue umenunua kitu kingine.

Maana haina mambo mengi. Waranti ya gari ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kasoro ya kiwandani ikijitokeza ndani ya muda au umbali uliotajwa, ataitengeneza kwa fedha zake. Gharama ya ahadi hiyo imo ndani ya bei ya gari. Kinachoitwa waranti ya nyongeza ni mkataba wa matengenezo unaouzwa peke yake, kwa bei yake, na mara nyingi na kampuni ambayo haijawahi kuunda hata nati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inayatenganisha hivyo hivyo: kilichomo kwenye bei ni waranti, ulichoongezea fedha ni mkataba wa huduma.

Linaloudhi ni kwamba Kiswahili kilikuwa na tofauti hii tayari, kabla ya muuzaji yeyote kuivuruga. Dhamana tuliipata kwa Waarabu, na tumeitumikisha sana: mshtakiwa huachiwa kwa dhamana, nyumba huwekwa dhamana ya mkopo, waziri huitwa mwenye dhamana ya afya. Kote huko kuna mtu aliyejifunga kwa nafsi yake au mali yake. Mdhamini mahakamani hatii saini kwa urembo; mshtakiwa akitoroka, anayebanwa ni yeye. Bima ilikuja kwa njia nyingine, kutoka Bara Hindi, na nyuma yake kuna neno la Kiajemi, bim, yaani hofu. Unamlipa mtu akubebee hofu yako. Kwa hiyo kwenye dhamana anayeahidi ndiye anayeweka chake, na kwenye bima anayeogopa ndiye anayetoa fedha. Pima "waranti ya nyongeza" kwa kipimo hicho uone inaangukia wapi. Huko California kuna aina inayouzwa bila kuficha kama bima ya kuharibika kwa mitambo, na wanaoiuza ni kampuni za bima. Angalau hao wamesema kweli.

Waranti na gerentii, kwa upande wao, ni neno moja lililovaa nguo mbili. Asili yake ni lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, likapita Ufaransa. Lahaja za kaskazini zikaibakisha w, Kifaransa cha Paris kikaigeuza g, na Kiingereza kikakopa sura zote mbili. Ndiyo maana jirani wa Lubumbashi akisema garanti na wa Dodoma akisema waranti hawabishani. Ubishi uko kati ya waranti na mkataba unaonunuliwa.

Na tofauti hii inagusa mfuko. Ukishajua umenunua mkataba, swali la kwanza linakuwa: mwenye deni ni nani? Kwenye karatasi huwa kuna majina mawili au matatu. Kuna aliyekuuzia, ambaye kazi yake huisha ukitia saini. Kuna anayesimamia madai, ambaye fundi atampigia simu kuomba kibali. Na kuna anayewajibika kulipa, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo. Huyo wa tatu ndiye wa kumtafuta. Akiwa ni mtengenezaji wa gari, una nafuu. Akiwa ni kampuni usiyoijua, tafuta kipengele kinachotaja kampuni ya bima iliyo nyuma yake, maana hiyo usiyoijua ikifilisika bila bima mgongoni, miaka saba yako imekwisha siku hiyo.

Swali la pili ni muda unaanza kuhesabiwa lini. Toyota mpya Marekani huja na waranti ya miaka 3 au maili 36,000 kwa sehemu kubwa ya gari, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na gia boksi. Katalitiki, yaani kifaa cha kusafisha moshi, na kompyuta ya injini zina kinga ya sheria ya hewa safi, miaka 8 au maili 80,000, kwa kila gari dogo linalouzwa nchini humo. Sasa chukua mkataba wa "miaka 7 au maili 100,000" unaohesabiwa tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza. Kwa injini na gia boksi hukununua miaka saba, umenunua miwili. Anayeendesha maili 30,000 kwa mwaka atamaliza 60,000 kwa miezi 24 na 100,000 kwa miezi 40, kwa hiyo kwake yote ni miezi 16. Na mwenye maili nyingi hivyo kwa kawaida anabeba abiria au anasambaza mizigo, kazi ambazo mikataba mingi huzikataa kabisa usipolipia kipengele cha biashara. Watu hugundua hilo gari likiwa tayari liko juu ya jeki.

Kisha kuna madai yenyewe. Pedi za breki, klachi, vipangusio, matairi na betri ya kuwashia huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa, navyo havimo. Mkataba wa bei ya chini hutaja vipuri vinavyolipiwa, na kisichotajwa ni chako. Ule mpana hutaja visivyolipiwa tu, na huo ndio wenye maana. Tuseme mkanda wa taiming umekatika, vali zikagonga pistoni, injini imekufa. Injini imo kwenye mkataba. Lakini msimamizi ataomba risiti ya kubadilisha mkanda kwa maili zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukikosa risiti dai limekwisha. Hali ni hiyo kwa oili: risiti iwe na tarehe, maili na aina ya oili. Kubadilisha mwenyewe nyumbani si kosa, ila tunza risiti za oili na chujio, uandike na maili.

Kabla ya kibali, msimamizi anaweza kudai injini ifunguliwe ionekane kilichoanza kuharibika. Anayeidhinisha kufunguliwa ni wewe. Ikionekana chanzo ni gasketi isiyomo, au joto lililopanda kwa sababu ya rejeta kuvuja bila kushughulikiwa, gharama ya kufungua na kufunga ni yako pia. Angalia vilevile eksesi, yaani kiasi unachotoa mwenyewe kabla mkataba haujalipa: dola 100 kwa kila ziara ni tofauti na dola 100 kwa kila tengenezo, maana ziara moja inaweza kuwa na matengenezo matatu. Angalia na kiwango cha ufundi kwa saa. Mkataba ukilipa 100 na gereji ikitoza 160, hiyo 60 unaitoa wewe.

Bei hutajwa mwishoni, kwenye ofisi ya mkopo, kama nyongeza ndogo ya kila mwezi. Dola 2,400 zikiingizwa kwenye mkopo wa asilimia 9 kwa miezi 72 ni kama dola 43 kwa mwezi, na jumla yake inapita 3,100. Bei hiyo hujadiliwa, jambo ambalo anayeuza hatakuambia. Wala hulazimiki kuamua siku hiyo: mikataba ya watengenezaji wenyewe kwa kawaida hununulika hata baadaye, ilmradi waranti ya kiwanda haijaisha. Ukisharubuniwa, mikataba mingi hurudisha fedha zote ndani ya siku 30 kama hujadai kitu, na baada ya hapo sehemu iliyobaki. Kama gari lina mkopo, marejesho huenda kupunguza deni. Na zile simu za "waranti ya gari lako inakaribia kuisha" kata tu. Mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya Marekani iliupiga mtandao mmoja wa simu hizo faini ya karibu dola milioni 300.

Mkataba huu unamfaa nani? Mwenye gari ghali kwa elektroniki, atakayelishika miaka kadhaa baada ya waranti kwisha, na asiye na akiba ya kubeba gia boksi moja. Mwenye akiba hiyo na gari lisilo na usumbufu afadhali aweke zile 2,400 benki.

Huku kwetu, gari lililotumika Japani haliji na waranti ya kiwanda, na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinasema tu kwamba siku ile lilikaguliwa likapita. "Gerentii ya injini na gia boksi miezi mitatu" ya kwenye yadi inaweza kuwa dhamana ya kweli, iwapo imeandikwa, ina jina la mwenye yadi, na inasema nani ananunua kipuri na nani anamlipa fundi. Tena sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya humbana mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, ingawa ukilikagua gari mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua haimo. Marekani nako ipo dhamana kama hiyo ya kisheria, ambayo muuzaji wa gari lililotumika katika majimbo mengi huikwepa kwa kuandika "lilivyo", yaani lichukue na kasoro zake. Ila yeye mwenyewe akiingia nawe mkataba wa huduma siku ya mauzo au ndani ya siku 90, hawezi tena kuikwepa. Yaani kile alichokiita waranti si waranti, lakini kimeizindua waranti aliyotaka kuizika.

Kwa hiyo mtu akisema amelipia waranti, huna haja ya kumcheka. Muulize tu mdhamini wake ni nani. Akikutajia mtengenezaji na bei ya gari, ana waranti. Akikutajia dola 43 kwa mwezi, mwambie taratibu kwamba hiyo inaitwa mkataba wa matengenezo, kisha mwangalie pamoja tarehe ya kuanza.