G13 haihitaji noti saba

Kwenye mazoezi ya kwaya na bendi, Mwanza, Kirumba hadi Nyegezi, hukosi mpiga gitaa anayeamini kuwa kodi ya G13 (noti kadhaa zinazolia pamoja, si kodi ile ya TRA) lazima ibebe noti zote saba: G, B, D, F, A, C na E. Gitaa lina nyuzi sita. Hesabu imegoma kabla hujashika kitu.

Zenye kazi hasa juu ya G ni tatu. B inasema kodi ni meja, yaani ya sauti ya furaha. F, noti ya saba kutoka G iliyoshushwa nusu toni, ndiyo inayoivuta kwenda kodi ya C. E ndiyo 13 yenyewe, noti ya kumi na tatu ukihesabu kutoka G. D itupe, haiongezi ladha. C itupe haraka zaidi: iko nusu toni tu kutoka B, na zikilia pamoja zinagombana.

Shika hivi: kidole cha shahada uzi wa 6 (ule mnene kuliko wote) freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya shingoni), cha kati uzi wa 4 freti ya 3, cha pete uzi wa 3 freti ya 4, kidole kidogo uzi wa 2 freti ya 5. Uzi wa 5 uzimwe kwa ncha ya kidole cha shahada. Ukilia wazi unatoa A jirani kabisa na G, na sauti inakuwa tope. Uzi wa 1 usiupige.

Ukiiacha F, hiyo ni G6: imetulia, haidai kwenda popote. Na kama mpiga besi yupo, acha hata uzi wa 6. G anayo yeye.