Sentimita 8 za maji ya jaruba: kubadili vizio katika fizikia ya sekondari

Jaruba la chumvi lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 20. Limejazwa maji ya bahari hadi kina cha sentimita 8. Lina maji kiasi gani? Mpe swali hili mwanafunzi wa kidato cha kwanza, awe Mikindani au Kilwa, na usishangae akizidisha 25 kwa 20 kwa 8, akapata 4,000, akaandika mbele yake "mita za ujazo". Kuzidisha kwake ni sahihi kabisa. Ila jaruba la maji hayo lingekuwa na kina cha mita 8, kiasi cha kufunika nyumba na paa lake.

Kosa halikuanzia kwenye hesabu. Lilianza pale alipoziacha "m" na "cm" kwenye swali akachukua namba tupu. Wanafunzi wengi hufundishwa kukariri: kutoka kubwa kwenda ndogo zidisha, kutoka ndogo kwenda kubwa gawanya. Kanuni hiyo si ya uongo, lakini kwenye chumba cha mtihani huchanganywa kirahisi, na ikichanganywa hakuna kinachomshtua mwanafunzi. Ipo njia inayojikagua yenyewe.

Mita 1 na sentimita 100 ni urefu uleule. Kwa hiyo ukiandika mita 1 juu ya mstari na sentimita 100 chini yake, sehemu hiyo thamani yake ni moja, na kitu ukikizidisha kwa moja hakibadiliki. Andika hivi:

8 cm × (1 m ÷ 100 cm) = 0.08 m

Sentimita ya kwanza na ile ya chini zinakatana kama namba zinavyokatana, inabaki mita. Sasa tuseme umeigeuza sehemu kichwa chini. Utapata 8 cm × (100 cm ÷ 1 m), yaani "sentimita za mraba 800 kwa mita", kizio ambacho hakipimi kina cha maji wala cha kitu kingine chochote. Hapo hapo unajua umekosea, bila kungoja kalamu nyekundu ya mwalimu.

Turudi jarubani: 25 m × 20 m × 0.08 m = 40 m³. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000, hivyo ni lita 40,000. Maji ya bahari yana msongamano wa takriban 1,025 kg/m³, basi tungamo lake ni kilogramu 41,000, yaani tani 41. Kila kilogramu ya maji hayo hubeba chumvichumvi za takriban gramu 35: 41,000 kg × 35 g/kg = 1,435,000 g, sawa na kilogramu 1,435. (Mavuno halisi huwa pungufu, kwani maji mengine hunywewa na ardhi na chumvichumvi hizo si zote za mezani.)

Panapoumiza zaidi ni kwenye eneo na ujazo. Mwanafunzi anajua mita ni sentimita 100, akaona mita ya mraba nayo ni sentimita za mraba 100. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni kwa chaki: upande huu sentimita 100, upande ule 100, vijiraba vya sentimita moja ndani yake ni 10,000. Ukiinua kuta zake mita moja juu, vinakuwa 1,000,000. Kipeo kilicho juu ya kizio kinaigusa na ile 100, siyo herufi peke yake.

Chukua gunia la korosho la kilo 80 lililolazwa kwenye sakafu ya ghala, likigusa sakafu sentimita 70 kwa sentimita 40. Eneo ni 2,800 cm². Kwa g (nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilogramu) ya 10 N/kg inayotumika shuleni, uzito wake ni 800 N. Anayegawanya eneo kwa 100 anapata 28 m², na kanieneo (kani kwa kila mita ya mraba) ya paskali zisizofika 29. Gunia moja kufunika mita za mraba 28! Darasa zima lingelala juu yake. Sahihi ni 2,800 ÷ 10,000 = 0.28 m², na kanieneo ni 800 N ÷ 0.28 m², takriban paskali 2,857. Zoea kujiuliza kama jibu linaweza kuingia kwenye ghala unalolijua.

Hapo pia ujue kwamba kilo ya mtaani na uzito wa fizikia ni vitu viwili. Mizani ya chama cha msingi husomeka kilogramu, ambazo ni tungamo. Uzito ni kani, na kizio chake ni newtoni. Huwezi kubadili kilogramu kuwa newtoni kwa kusogeza nukta. Lazima g ipite katikati.

Vivyo hivyo kwa ujazo na tungamo. Debe ni lita 20. Likijaa maji ni kilo 20, likijaa mchanga linazidi hapo sana, likijaa korosho ghafi halifiki. Anayeuza korosho kwa kangomba, kwa chombo badala ya mizani, amekubali kipimo kisichosema kilo hadi msongamano ujulikane. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa jambo la namna hii. Ilihitaji kilogramu 22,300. Ili kubadili lita kuwa kilogramu wahudumu walitumia 1.77, ambayo ni ratili (pauni) kwa lita, badala ya 0.8 na ushee, ambayo ni kilogramu kwa lita. Zikaongezwa lita zisizofika 5,000 mahali palipohitaji zaidi ya 20,000. Rubani aliiteleza bila injini hadi Gimli, mji wa Kanada, na hakuna aliyekufa. Ile 1.77 ingeandikwa na vizio vyake, ratili zingebaki kwenye karatasi bila kukatwa.

Mwendo ni rahisi ukibadili juu na chini kila kimoja kwa zamu yake. Bodaboda ya 54 km/h: 54,000 m ÷ 3,600 s = 15 m/s. Dereva akitazama simu kwa sekunde mbili amekwenda mita 30. Njia ya mkato ni kugawanya kwa 3.6, na namba ya m/s siku zote huwa ndogo kuliko ya km/h. Kwenye muda, saa moja na nusu ni 1.5, siyo 1.30. Ukiingiza 1.30 kwenye kikokotoo unapata sekunde 4,680 badala ya 5,400, dakika 12 zimepotea.

Herufi nazo ziangaliwe: m ndogo mbele ya kizio ni mili, M kubwa ni mega, na kati yake kuna tofauti ya mara bilioni moja. Kwa jotoridi, ongeza 273 kupata kelvini. Lakini joto likipanda kwa nyuzi 10 za selsiasi, limepanda kelvini 10, usiongeze kitu.

Mwisho ni gesi asilia ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, ambayo hutangazwa kwa futi za ujazo. Bomba kuu la kwenda Dar es Salaam lina kipenyo cha inchi 36: 36 × 2.54 = 91.44 cm. Futi 1 ni 0.3048 m, basi futi 1 ya ujazo ni 0.3048 × 0.3048 × 0.3048, takriban 0.02832 m³, na futi za ujazo milioni moja ni takriban 28,317 m³. Anayezidisha kwa 0.3048 mara moja tu anapata 304,800, zaidi ya mara kumi ya gesi iliyopo.